Bakuli la mwisho wa mwaka: mngependa Mwewe wa Iowa wakutane na nani?

Mzee wa Coralville · Jumapili, 1 Desemba 2024

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi Ijumaa sisi Mwewe, timu ya Chuo cha Iowa, tumefunga msimu wa mpira wa Kimarekani wa vyuo. Nebraska walikuja uwanjani kwetu Kinnick, wakaenda mapumziko wakiongoza 10-0, wakarudi kwao wamelala 13-10 kwa mkwaju wa Drew Stevens wa yadi 53, saa ikiwa imekwisha. Mimi nilikuwa nimeshavaa glavu za kuondokea. Kwenye benchi letu kuna mzee mmoja wa Kizungu, misimu mitatu tumekaa bega kwa bega na hatujaambiana zaidi ya "baridi leo". Mpira ulipopita katikati ya nguzo alinikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka chini ya viti. Sijaiona hadi leo.

Sasa tuna ushindi 8 na vipigo 4. Wale 12 wa kugombea ubingwa hatumo. Tarehe 8 ndiyo wanatangaza nani anaalikwa bakuli gani. Kwa wageni wa mchezo huu: timu ya chuo ikishinda mechi 6 inastahili kualikwa mechi moja ya ziada mwisho wa mwaka, ndiyo tunaita bakuli (bowl), kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao, na kwa kawaida anaitwa mpinzani wa ukanda mwingine (ukanda ni kundi la vyuo lenye ligi yake). Mechi moja, basi, kila mtu kwao.

Swali langu: mngeachiwa nyinyi kuchagua, mngetaka nani, na wapi? Naanza mimi. Nataka South Carolina, pale Citrus Bowl, Orlando. Jana wamemfunga Clemson 17-14, wako moto. Na Orlando tuna deni: 1 Januari mwaka huu Tennessee alitupiga 35-0 palepale. Sifuri mzee, hata cha kufutia machozi hakuna.

DSM mpaka DSM

Uliposema Orlando nikajua hutafuti mpinzani, unatafuta joto.

Mmenya Mahindi (Lincoln, Nebraska)

Nipo, msidhani nimekufa. Mkwaju wa yadi 53 ni bahati ya mtende. Kutazama Iowa mkishambulia ni kama kusubiri maharage makavu yaive kwa mkaa uliolowa mvua. Sisi nasi tumefikisha 6, mara ya kwanza tangu 2016, kwa hiyo bakuli lolote litakaloletwa mezani tutalilamba.

Mzee wa Coralville

@Mmenya Mahindi karibu kijiweni. Maharage yetu hayo hayo ndiyo yamekuvimbisha tumbo.

Kijana wa Uvira

Bonjour bote. Mie niko Cedar Rapids, natumika usiku ku kiwanda ya nyama, njo maana nachelewaka kujibu. Mie nachagula Missouri. Iko karibu, na shemeji yangu eko Columbia, kule chuo yabo iko. Ule mutu anasemaka mingi! Kila dimanche ananitumia sauti ya Tigers, timu yabo ya Missouri, ku telefone. Nataka tumufunge kinywa.

DSM mpaka DSM

Huyu ndiye mtu pekee humu mwenye sababu ya maana.

Binti Kisauni

Naomba kuuliza, nina mwaka mmoja tu hapa Iowa City. Kwa nini mnaita bakuli? Mume wangu anasema mshindi anapewa bakuli la fedha, ndiyo maana.

Fundi Magari Davenport

Mume wako hajakosea. Ni kombe lenye umbo la bakuli.

Msukuma wa Columbus

Hapana. Ni kwa sababu ya vyakula. Angalieni majina: ipo ya viazi vya Idaho, ipo ya mayonezi, ipo ya keki za Pop-Tarts. Kila moja ina chakula.

Na tafadhali msiniulize chochote kuhusu jana. Michigan mwenye vipigo vitano kaja kwetu Columbus akatufunga Ohio State 13-10. Mke wangu amenizimia televisheni mwenyewe, kwa huruma.

Mwalimu Tabu

Wote mmeteleza. Ni umbo la uwanja. Chuo cha Yale kilijenga uwanja wa mviringo uliozama ardhini mwaka 1914 wakauita Yale Bowl. Wale wa Pasadena, California, nao walikuwa na mechi yao ya mwaka mpya tangu 1902, siku ile Michigan alipomfunga Stanford 49-0. Walipopata uwanja wao mwaka 1922 waliuita Rose Bowl, na mechi ikafuata jina la uwanja. Wengine wote wameiga. Hizo za vyakula ni wadhamini tu, wamekuja juzi.

Kwa hiyo mleta uzi aliposema bakuli kwa utani, amesema kweli tupu.

Msukuma wa Columbus

Nimekubali, mwalimu. Ila hoja yangu ya chakula naishikilia kidogo. Pop-Tarts Bowl ya mwaka jana, Kansas State walipomfunga NC State 28-19, yule kikaragosi wa keki alishushwa kwenye kibaniko kikubwa, akatoka upande wa pili yuko tayari kuliwa, na wachezaji wakamla uwanjani. Nimeishi nchi hii miaka 14, siku ile ndipo nilipojua bado mimi ni mgeni.

Msee wa Minneapolis

Na ile ya mayonezi kocha akishinda anamwagiwa ndoo nzima kichwani. Mimi naomba tu Gophers wetu wa Minnesota wapelekwe huko, nimwone kocha wetu akinuka kachumbari wiki mbili.

Binti Kisauni

Asante mwalimu. Mume amesoma, amenyamaza.

Baba Tumaini

Turudi kwenye uzi. Mimi sikubaliani na mleta uzi. South Carolina wa nini? Hatuna safu ya ushambuliaji ya kumkimbiza mtu. Warushaji wetu, Cade McNamara kaumia, Brendan Sullivan kaumia, mechi mbili za mwisho kacheza Jackson Stratton ambaye mwanzo wa msimu hata jina lake sikulijua. Mimi nataka mtu mchovu. Boston College, Rutgers, yeyote. Tushinde, tufikishe 9, tulale.

Fundi Magari Davenport

Rutgers yuko ukanda mmoja na sisi, Big Ten. Hatuwezi kukutana naye kwenye bakuli.

Baba Tumaini

Sawa, Rutgers nimemfuta. Mantiki inabaki.

Mama Neema

Mantiki ya mtu mchovu hainiingii, Baba Tumaini. Ukimshinda mchovu unapata nini? Mimi huwa nakumbuka jinsi watu walivyofurahi, na hawajawahi kufurahia mchovu. Waulize wakongwe hapa mjini, wote watakutajia tarehe 1 Januari 2005, dhidi ya LSU, chuo cha Louisiana. Zimebaki sekunde chache, Iowa iko nyuma kwa pointi moja, Drew Tate anarusha yadi 56 kwa Warren Holloway, 30-25. Holloway hakuwahi kufunga hata mara moja maisha yake yote ya chuo mpaka mpira ule wa mwisho. LSU walikuwa wametoka kuchukua ubingwa msimu uliotangulia.

Mimi wakati huo nilikuwa kambini Kigoma hata sijui Iowa ni mnyama gani. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mpaka naiona kama nilikuwepo.

DSM mpaka DSM

Mama Neema ameua.

Ustaadh wa Waterloo

Mimi niko katikati. Siogopi mbabe, naogopa aibu. Rose Bowl ya 2016 mnaikumbuka? Tulikwenda tumeshinda 12, watu wakauza ng'ombe kununua tiketi (Iowa hii, nasema ng'ombe wa kweli). Christian McCaffrey wa Stanford akashika mpira wa kwanza kabisa akakimbia yadi 75 mpaka ndani. Kabla sijafungua soda! Ikaisha 45-16.

Kwa hiyo nipeni timu isiyo na mkimbiaji wa namna hiyo. Jina silijali.

Fundi Magari Davenport

Mnasahau kitu kimoja. Silaha ya Iowa si kushambulia, ni kuurudisha mpira mbali. Mwaka jana Tory Taylor, kijana wa Melbourne, alipiga panti (punt, ndiyo mikwaju hiyo) za jumla ya yadi 4,479, rekodi ya msimu mmoja kwa vyuo vyote. Sasa tuna Mwaustralia mwingine, Rhys Dakin. Tukimpata mpinzani asiye na subira, anajifunga mwenyewe.

DSM mpaka DSM

Umenikumbusha balaa. Mwaka jana mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Morogoro. Nipo sebuleni, Taylor kaupiga ukaenda kufia yadi ya 3. Nikaruka juu: "Panti safi hiyo! Nani kaona panti kama hiyo!" Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kumweleza ni aina ya mkwaju ilichukua robo nzima ya mchezo, na sina hakika kama alinisadiki.

Binti Kisauni

😂😂😂

Mmenya Mahindi

Timu inayoshangilia kuurudisha mpira kwa adui. Nyinyi watu wa Iowa ni wa ajabu sana.

Mama Neema

@Mmenya Mahindi nikutanie sana lakini Ijumaa watu wako walinigusa. Mimi nafanya usafi kwenye hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya uwanja. Nilikuwa zamu. Ghorofa ya 12 kuna ukumbi wenye vioo unaotazama uwanjani, na watoto wanaoweza kutoka kitandani huletwa huko siku ya mechi. Robo ya kwanza ikiisha uwanja mzima unageuka na kuwapungia mkono. Imekuwa hivyo tangu 2017.

Ijumaa ilikuwa usiku, kwa hiyo unaona taa za simu tu, maelfu. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kama miaka sita, mrija wa dripu mkononi, kavaa fulana nyekundu ya Nebraska. Kwao ni huko. Akaniambia, "Wananipungia na wa kwetu." Nikatazama upande ule wa nyekundu. Kweli, walikuwa wanapunga wote.

Baada ya hapo sikushughulika tena na nani anashinda, mpaka ule mkwaju.

Mmenya Mahindi

Dada, leo sina neno.

Kijana wa Uvira

Mungu abariki kazi yako mama.

Baba Tumaini

Amina. Ila bado nataka Boston College.

Mzee wa Coralville · Jumapili, 8 Desemba

Imetoka! Music City Bowl, Nashville, tarehe 30 Desemba. Mpinzani: MISSOURI, ushindi 9, vipigo 3.

South Carolina yangu kapewa Illinois. Haya semeni.

Kijana wa Uvira

NILISEMAAAA. Mie ni nabii. Shemeji amesha kunipigia mara tatu, sijapokea bado, niko natayarisha maneno.

Ustaadh wa Waterloo

Missouri si mchezo. Mwaka jana walimfunga Ohio State 14-3 kwenye Cotton Bowl.

Msukuma wa Columbus

Jamani, kila uzi lazima nipigwe kofi?

Fundi Magari Davenport

Mimi kinachonikera si Missouri. Michigan ana ushindi 7 na vipigo 5, kapelekwa Tampa, ReliaQuest Bowl, jua na bahari, dhidi ya Alabama. Sisi tuna 8, tumepitwa. Nani anieleze.

Ustaadh wa Waterloo

Rahisi. Alabama na Michigan walikutana Rose Bowl 1 Januari mwaka huu, Michigan akashinda 27-20 kwa muda wa nyongeza. Televisheni inataka marudiano. Alabama na Iowa nani ataacha pilau ya sikukuu akaangalie?

Msukuma wa Columbus

Inaniuma kusema lakini sababu ni kwamba walitufunga sisi. Angeshindwa pale Columbus angekuwa na 6, angepelekwa Detroit.

Baba Tumaini

Hapana. Sababu ni ile 35-0. Hakuna kamati ya Florida itakayomwalika tena mgeni aliyekuja msimu uliopita akala na hakuacha hata asante.

Mwalimu Tabu

Baba Tumaini, ile 35-0 ilikuwa Orlando. Hii ni Tampa, kamati nyingine, mkataba mwingine. Tampa tumecheza mara sita tangu 2004 na tumeshinda tatu: Florida, South Carolina, Mississippi State. Huenda ndiyo sababu yenyewe, wametuchoka. Kamati inatafuta sura mpya, siyo mshindi wa haki. Mkataba na ukanda unawapa kikundi cha timu wachague, hauwalazimishi kufuata msimamo.

Fundi Magari Davenport

Kama ni kuchokwa, mbona Nashville tulikuwa 2022 tu? Tulimfunga Kentucky 21-0. Miaka miwili! Nashville hawachoki?

Mwalimu Tabu

Hapo umenibana.

DSM mpaka DSM

Mimi nina jibu la mtaani. Nashville ni mwendo wa gari. Watu wa Iowa watajazana barabarani na majaketi yao ya manjano, watalala hotelini usiku mbili tatu, watakunywa bia. Kamati ya bakuli ni kamati ya utalii, mpira ni kisingizio. Kwa Missouri hivyohivyo, wao ni majirani. Mmepangwa kama daladala: nani yuko karibu na kituo.

Mmenya Mahindi

Sisi New York, Yankee Stadium, na Boston College. Jiji kubwa kabisa. Nyie bakieni na gitaa zenu.

Fundi Magari Davenport

@Mmenya Mahindi huo ni uwanja wa besiboli, na Desemba unaganda mpaka meno. Boston College hao hao tuliwafunga 27-20 hapo hapo mwaka 2017. Tumewaachia makombo.

Baba Tumaini

Boston College wangu! Kapewa Nebraska! Sina bahati mimi.

Msee wa Minneapolis

Wasee, Gophers wamepewa mayonezi! Charlotte, na Virginia Tech. Mungu yupo.

Mwalimu Tabu

Niseme jambo kuhusu Missouri kabla hatujazama kwenye utani. Majimbo yamepakana, lakini kati ya 1910 na 2010 timu hizi hazikukutana hata mara moja. Miaka 100.

Mwaka 1910 Iowa ilikuwa na mchezaji Mweusi, Archie Alexander, mzaliwa wa Ottumwa hapahapa Iowa, mwanafunzi wa uhandisi. Missouri hawakutaka acheze. Iowa wakaenda Columbia bila yeye, wakafungwa 5-0, wakarudi na uamuzi wa kutocheza tena na Missouri. Alexander alihitimu 1912, akawa mhandisi mkubwa, kampuni yake ilijenga barabara na madaraja mpaka Washington, na mwaka 1954 akateuliwa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani.

Walipokutana tena ilikuwa kwenye bakuli, Insight Bowl, Desemba 2010 kule Arizona. Micah Hyde wetu alimpokonya Blaine Gabbert wa Missouri mpira hewani akakimbia nao yadi 72. Iowa 27, Missouri 24.

Mama Neema

Ndiyo kwanza nasikia hili. Ottumwa ninapitia kila mwezi kwenda kwa dada.

Ustaadh wa Waterloo

Mwalimu, heshima. Ila tusiwapambe sana Iowa. Kama kweli waliumia, wangekataa kwenda siku ile ile. Walimwacha kijana nyumbani kwanza, hasira zikaja baada ya kufungwa. Angekuwa ameshinda 5-0 angesusa?

Mwalimu Tabu

Swali la haki. Mimi sina jibu.

Fundi Magari Davenport

Na miaka 100 yote haiwezi kuwa kwa sababu ya Archie. Watu wa 1970 nani alikuwa anakumbuka? Kila timu ina ukanda wake, ratiba imejaa, nafasi za mechi za nje ni chache, na moja kati ya hizo Iowa anampa Iowa State kila mwaka. Ni ratiba tu.

Msee wa Minneapolis

@Fundi mambo ya rangi yalikuwa yanadumu, bana. Ile kombe letu la nguruwe wa shaba, Floyd of Rosedale, unajua ilitoka wapi? 1934 Minnesota walikuja kwenu Iowa City, na mkimbiaji wenu Mweusi, Ozzie Simmons, akaumizwa vibaya. Mwaka uliofuata watu wa Iowa walikuwa na hasira ya kupigana. Gavana wetu akamwandikia gavana wenu wawekeane dau la nguruwe, watu wacheke, joto lishuke. Nguruwe wa kwanza alikuwa mzima, anatembea. Tangu hapo tunagombania sanamu yake.

Binti Kisauni

Hata la shaba silishiki.

Msee wa Minneapolis

Usijali, halipo kwetu. Septemba mlitufunga 31-14, liko kwenu Iowa City.

Baba Tumaini

Wakuu, habari mbaya: mkimbiaji wetu Kaleb Johnson hachezi Nashville. Anajiandaa kwenda ligi ya kulipwa. Yadi 1,537 za kukimbia zimeondoka na begi lake. Sasa mnaelewa kwa nini nilitaka mchovu?

DSM mpaka DSM

Msaliti. Mechi moja tu imebaki, unawaachaje wenzako?

Ustaadh wa Waterloo

DSM, kijana wa watu ana magoti mawili tu. Mkumbuke Jaylon Smith wa Notre Dame, 1 Januari 2016, Fiesta Bowl. Alikuwa anatajwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa na ligi ya kulipwa. Goti likapinduka kwenye bakuli lisilo na ubingwa, akashuka mpaka nambari 34. Mwisho wa mwaka huohuo McCaffrey na Fournette wa LSU wakakataa kucheza mabakuli yao, na ndipo mtindo ulipoanzia. Wewe ungemruhusu mwanao?

DSM mpaka DSM

Mwanangu anacheza chesi.

Mama Neema

Luther Burden wa Missouri naye amejitoa, kwa hiyo ngoma droo. Mimi simlaumu yeyote. Ningekuwa na mtoto mwenye miguu ya kulisha ukoo mzima, ningemfungia ndani mwenyewe.

Baba Tumaini

Kwa hiyo tunalipa mafuta na hoteli kwenda kuona wachezaji wa akiba. Sawa.

Kijana wa Uvira

Miye nauliza kitu ingine. Kuna Mukongomani aliwahi kucheza ile mpira ya chuo? Shemeji anasema hakuna hata moja.

Mwalimu Tabu

Mwambie shemeji akae chini. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, akakulia Quebec, akachezea Michigan. Novemba 1995 alikimbia yadi 330 dhidi ya Ohio State waliokuwa hawajafungwa msimu mzima.

Msukuma wa Columbus

313, mwalimu. Siyo 330. Tukalala 31-23. Kila Mwohio anaijua namba hiyo kama namba yake ya simu. Na nimeshaomba mara ngapi tusizungumzie Michigan humu?

Mwalimu Tabu

313, sahihi. Samahani, ndugu, chumvi kwenye kidonda.

Kijana wa Uvira

Asante mingi! Naenda kumupigia sasa hivi.

Mzee wa Coralville

Wanaokwenda Nashville: gari langu lina nafasi tatu. Tunaondoka tarehe 29 saa kumi na moja alfajiri, tunashuka na barabara ya 218, halafu mpaka St. Louis, tunavuka Illinois, tunaingia Paducah, jioni tuko pale. Ni mwendo wa kama masaa tisa hivi bila kusimama, lakini Mama Neema yumo, kwa hiyo tutasimama.

Mama Neema

Nitasimama mara mbili tu. Na sambusa nabeba mimi, kwa hiyo anayelalamika atashuka.

Ustaadh wa Waterloo

Nafasi moja yangu. Nyama ya sambusa iwe halali.

Kijana wa Uvira

Miye boss hajanipa ruhusa bado. Akikataa, ntaangalia mu pause kama kawaida. Na shemeji tumeweka dau: mwenye timu yake itapigwa anapika sombe, analeta mpaka kwa mwenzake na gari, theluji ama hapana.

Chui wa Columbia · mwanachama mpya

Hamujambo. Miye njo ule shemeji. Nimesoma yote, toka ukurasa ya kwanza. "Anasemaka mingi." Sawa.

Sombe muweke na mafuta ya mawese, na samaki ya kukausha. Miye sikulaka ya karanga.

DSM mpaka DSM

Uzi umepata mwenyewe. Nakwenda kuchukua kiti.